Mkono Unaoonekana

Katikati ya jiji la Nairobi, majina ya kumbi za sinema yameishi kuliko kumbi zenyewe. Matatu hupakia abiria Odeon. Madereva hukwama kwenye msongamano wa Globe. Watu walioahidiana kukutana mjini husimama mbele ya Kenya Cinema, Moi Avenue, wakiangalia simu zao. Wengi wao hawajawahi kutazama filamu katika jengo lolote kati ya hayo. Kumbi kadhaa za zamani zilifungwa, baadhi zikageuzwa nyumba za ibada, na sinema ikahamia magharibi mwa jiji, ndani ya majengo ya maduka: Sarit kule Westlands, Prestige na Junction kwenye Ngong Road.

Naanza na majina haya kwa sababu suala la kumthamini msanii, ambalo kwetu hujibiwa kwa hotuba na tuzo, kwanza ni suala la mahali. Msanii akishamaliza kazi yake, hukutana wapi na watu aliowatengenezea? Na wakikutana, nani humlipa? Ukifuatilia sifa na pesa za sanaa katika Nairobi, utaona zinapita njia mbili ambazo ni nadra kukutana. Sifa hutoka ng'ambo, ikashukia kwenye kumbi za Alliance Française na Goethe-Institut. Shilingi ya mwananchi hupita River Road, kwenye vibanda vya video, ubavuni mwa matatu. Msanii anazihitaji zote mbili, na jiji humpa moja.

Filamu inayoliweka jambo hili wazi kuliko nyingine ninazozijua ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018. Jo ni msichana wa miaka 9 anayependa filamu za mashujaa na za mapigano. Ana ugonjwa usiopona, na mama yake anaamua kumtoa hospitalini amrudishe nyumbani akae na walio wake. Mama anataka mtoto apumzike. Dada yake, Mwix, anaona kwamba kumfungia Jo chumbani ni kumzika kabla ya siku yake, basi anabuni mchezo: anamfanya mdogo wake aamini kwamba ana nguvu za kishujaa, kwamba anaweza kusogeza kitu mezani bila kukigusa. Mchezo unawazidi wao wawili. Majirani wanaingizwa mmoja mmoja, hadi kijiji kizima kinajitosa kutengeneza filamu ambayo shujaa wake ni Jo. Mwisho siusimulii, mwenye kuitazama kwa mara ya kwanza anastahili kuupokea mwenyewe.

Kwa hiyo kuna filamu mbili, moja ndani ya nyingine. Ile ya nje imepigwa kwa ustadi mkubwa: mwanga wake, uhariri wake, na uigizaji wa Stycie Waweru aliyekuwa mtoto mdogo akabeba hadithi nzima begani, akisaidiwa na Marrianne Nungo na Nyawara Ndambia. Ile ya ndani imeungwaungwa kwa mkono. Vazi la shujaa ni la kushonwa, waigizaji ni wanakijiji, na kila ajabu inayotendeka tunamwona aliyeitenda. Wainaina hafichi uzi. Anatuonyesha anayeuvuta, kisha anatuonyesha uso wake.

Hapo ndipo ubunifu wa filamu hii ulipo. Filamu za mashujaa tunazoletewa kutoka Marekani hutumia mamilioni ya dola kuuficha mkono wa binadamu, ili mtazamaji aone mtu anaruka na asiulize ameruka vipi. Supa Modo inataka tuulize. Tunajua chombo hakikusogea chenyewe, na machozi yanatutoka kwa sababu hiyohiyo: yupo aliyekisogeza, amekesha akifikiria jinsi ya kukisogeza, na amefanya hivyo kwa ajili ya mtoto mmoja. Kazi inayoonekana ndiyo mapenzi yenyewe. Na tuzo ambayo kijiji kinampa Jo haina cheti wala jukwaa. Wanampa muda wao, wanamwazima miili na nyua zao, wanaacha shughuli zao wakae mbele ya kamera. Sijaona maelezo bora zaidi ya kuthamini ubunifu kuliko hayo, na hayamo katika sera yoyote ya utamaduni niliyowahi kuisoma.

Katika kijiji hicho yupo mtu anayeitwa Mike, anayewaonyesha wenzake filamu. Mtazamaji wa Kangemi, Kawangware au Kibera anamtambua mara moja. Kwao kibanda cha video ndicho sinema: mabati, mabenchi, televisheni, spika mbili zinazotetemesha ukuta. Siku za mechi ni mpira wa Uingereza. Siku nyingine ni muvi, na mara nyingi ni muvi iliyosimuliwa na DJ Afro. Huyu huchukua filamu ya Hong Kong, ya Mumbai au ya Hollywood, akaweka sauti yake juu ya sauti za waigizaji, akaieleza kwa Kiswahili cha mtaani. Huwabatiza wahusika upya, huwatetea, huwasuta, humwonya staring, yaani shujaa wa filamu, kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Filamu inayotoka mdomoni mwake si ile iliyoingia.

Waliosoma filamu vyuoni mara nyingi hulipita jambo hili haraka, na mimi naona ni kosa. Usimulizi wa filamu una ukoo mrefu katika nchi hii. Tangu enzi za ukoloni magari ya sinema yalizunguka vijijini na mitaani yakiwa na projekta na kipaza sauti, na mfasiri aliyesimama kando akiwaeleza watu kilichokuwa kinaendelea kwenye kitambaa cheupe. Mfasiri yule alitumwa na serikali au na kampuni ya sabuni. DJ wa leo amejituma. Lakini kazi ni ileile, na umati unaijia kazi hiyo makusudi. Mtu hachagui kanda ya DJ Afro kwa kuwa hana nyingine. Anaichagua kwa kuwa anataka kusikia mkono wa msimulizi ukipita juu ya picha.

Tatizo lipo, tena kubwa, nalo ni kwamba aliyetengeneza filamu ya awali hapati kitu. Na hapo Uganda imetangulia. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali, alianzisha kampuni yake ya Ramon Film Productions, na mwaka 2010 akatoa Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano ambayo husemwa iligharimu takriban dola 200. Bunduki zilichomelewa kutokana na vyuma chakavu na fundi wake Dauda Bisaso, helikopta zikatengenezwa kwenye kompyuta ya kuungwaungwa, na waigizaji walikuwa majirani. Nabwana hakusubiri msimulizi amdandie. Alimweka VJ Emmie ndani ya filamu. Kicheko, kelele na maelezo yake yamekuwa sehemu ya kazi kiasi kwamba nakala inayojulikana duniani ni hiyo yenye sauti yake. Hapo mtengenezaji na msimulizi wanakula sahani moja.

Nairobi nayo ilikuwa na kitu kinachokaribiana na hicho, umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka Kenya Cinema. River Road, Luthuli Avenue na vichochoro vyake vilijaa maduka ya kanda na baadaye sidii, na humo ikazaliwa tasnia iliyopewa jina la Riverwood. Filamu zilipigwa kwa siku chache, kwa kamera moja, nyingi kwa Kikuyu na nyingine kwa Kiswahili, Kikamba na lugha nyinginezo. Wachekeshaji kama Machang'i na Kihenjo walijulikana katika kila basi lililokuwa likielekea Mlima Kenya kabla gazeti lolote halijazichambua kazi zao kwa uzito. Sauti ilikwaruza, kivuli cha mwenye maikrofoni kilionekana ukutani, na watu walinunua. Hakuna ubalozi uliofadhili. Hakuna mwamuzi wa tamasha aliyeombwa maoni yake.

Riverwood ilitikiswa na mambo mawili. Kwanza ni wizi wa nakala: filamu iliyotoka asubuhi ilikuwa imeshadurufiwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa duka la tatu kabla ya siku kwisha, na mtengenezaji alipokwenda kulalamika aliambiwa alete ushahidi. Pili ni simu. Sidii zilipokufa, mnunuzi alihamia YouTube ambako hutazama bila kulipa, na malipo ya matangazo hayafikii kile ambacho maelfu ya nakala yaliweza kuleta. Wapo walioihimili hali hiyo. Wengi waliacha. Na kwa kuwa kazi zao hazikuwa na sifa za kitaaluma, zilipopotea hakuna aliyehesabu hasara. Sijui maktaba wala makavazi ya umma hapa jijini ambayo mtu anaweza kuingia akaomba aonyeshwe filamu za River Road za miaka ya 2000 zikiwa zimepangwa kwa majina ya walioziongoza. Nchi ambayo haihifadhi kazi ya msanii imeshatoa hukumu juu yake, hata kama haikuitangaza.

Upande wa pili, ule wa sifa za ng'ambo, hadithi ni tofauti kabisa. Supa Modo ilitokana na mafunzo ya One Fine Day Films, kampuni ya mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, wakishirikiana na Ginger Ink ya Nairobi. Mlolongo wa kazi zilizotoka katika mpango huo unaheshimika: Soul Boy ya Hawa Essuman mwaka 2010, Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga mwaka 2012, Something Necessary ya Judy Kibinge, Kati Kati ya Mbithi Masya mwaka 2016. Soul Boy ilipigwa Kibera, na inamsimulia Abila, mvulana anayepambana kuirudisha roho ya baba yake iliyochukuliwa na Nyawawa. Miujiza yake imetengenezwa kwa giza, sauti na uso wa mwigizaji, bila mashine yoyote ya ajabu. Kati Kati ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa huko Toronto. Supa Modo yenyewe ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin, mwezi Februari 2018, mbele ya watoto wa Kijerumani, na waamuzi watoto wa tamasha hilo wakaitaja kwa heshima.

Nashukuru kwa kila senti ya Ujerumani iliyoingia katika kazi hizo. Bila fedha zile tusingekuwa na kizazi cha wapiga picha, wahariri na wabunifu wa mavazi kinachofanya kazi leo. Lakini mpangilio huu una matokeo yake. Filamu inayofadhiliwa kwa ajili ya tamasha huzaliwa huku mtazamaji wake wa kwanza yuko mbali. Inaporudi nyumbani inakuja na mashada ya majani kwenye bango, na inakaa wiki kadhaa katika majengo ya maduka, ambako tiketi na soda vinamzidi nguvu mfanyakazi wa kibarua. Kutoka Junction hadi Kawangware ni mwendo mfupi kwa miguu. Mtoto wa Kawangware anayefanana na Jo kwa umri na kwa ndoto ana uwezekano mkubwa zaidi wa kumtazama Jackie Chan akisimuliwa na DJ kuliko kumwona Jo.

Kuna wanaosema Wakenya hawapendi filamu za Kenya, ndiyo maana hazionyeshwi. Mwezi Septemba 2018 hoja hiyo ilijibiwa kwenye Ngong Road. Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa katika tamasha la Cannes, ilikuwa imepigwa marufuku na Bodi ya Uainishaji wa Filamu kwa sababu ya mapenzi ya wasichana wawili inayoyasimulia. Jaji Wilfrida Okwany aliisimamisha marufuku hiyo kwa siku 7 ili filamu iweze kushindania nafasi ya Oscar. Watu walipanga foleni Prestige, na tiketi zikaisha. Kamati iliyokuwa ikichagua filamu ya kuiwakilisha Kenya ilichagua Supa Modo badala yake. Naziheshimu filamu zote mbili, na sitaki kuzigombanisha. Ninachokitoa katika wiki ile ni hiki: walipopewa siku 7 tu, wakazi wa jiji hili walikuja, wakalipa, wakakaa. Na haikuwa mara ya kwanza: mwaka 2010, kundi la Just a Band lilipotoa video ya wimbo wao Ha-He, yenye shujaa wa mtaani Makmende aliyevalia kama aliyetoka katika muvi ya miaka ya 1970, walioichukua kwanza na kuisambaza walikuwa Wakenya wenyewe. Walimtungia Makmende vituko, wakambandika kwenye jalada la magazeti na kwenye noti za kubuni. Hakuna aliyewafundisha kuthamini.

Njia hizo mbili, ya sifa na ya shilingi, zimewahi kukutana, na inafaa kutazama zilikutana wapi. Joseph Bertiers alianza kwa kuandika vibao na kuchora kuta za mabaa kule Dagoretti. Wateja wake walikuwa wenye mabaa waliotaka wapita njia wasimame. Michoro yake iliyosheheni wanasiasa, walevi na viongozi wa dunia waliobanana katika chumba kimoja ilifika hadi Los Angeles, lakini ufundi wake uliivishwa na barabara, mbele ya watu waliokuwa na haki ya kucheka au kupita. Huko Kibera, Otieno Gomba na Otieno Kota, waandika vibao pia, walianzisha Maasai Mbili mwaka 2001, na studio yao iko katikati ya makazi, mlango wazi kwa mpita njia. Wakati wa machafuko baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mwenzao Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo 7, alizunguka Kibera akiandika maneno ya amani kwenye kuta na mabati. Hakuna tiketi wala mlango kati ya wasanii hao na watu wao, na majumba ya sanaa ya ng'ambo yalipokuja, yaliwakuta wakiwa tayari na watazamaji.

Lazima niitaje na hatari iliyoko hapa, maana sifa ya kazi ya mkono inaweza kugeuka kamba. Mgeni akishapenda vyuma chakavu na mabati, huanza kumdai msanii wa Nairobi vyuma chakavu na mabati, na anayekuja na kazi safi yenye kung'aa huambiwa hana uhalisia. Wanuri Kahiu amelipinga hilo kwa miaka. Filamu yake fupi Pumzi ya mwaka 2009 inatupeleka katika dunia iliyoishiwa maji, na anatetea haki ya msanii wa Kiafrika kutengeneza furaha, rangi na njozi bila kuwajibika kueleza umaskini. Ng'endo Mukii naye alipotengeneza Yellow Fever, akiwa mwanafunzi wa Royal College of Art huko London, hakukosa vifaa. Alichanganya michoro ya mkono na miili ya watu inayosogezwa picha kwa picha kwa sababu alikuwa akizungumzia ngozi, nywele na mkorogo, na alitaka ngozi ionekane ikiguswa. Mkono unaoonekana katika kazi yake ni uamuzi wa mwongozaji aliyejua kila njia nyingine. Vivyo hivyo Supa Modo: Wainaina alikuwa na kamera nzuri, na aliamua lini iige mkono unaotetemeka.

Ndiyo maana siamini kwamba kinachohitajika zaidi ni mfuko mwingine wa fedha au usiku mwingine wa tuzo. Tume ya Filamu ya Kenya ipo tangu 2005, tuzo za Kalasha tangu 2009, na vyote viwili vina kazi yake. Kinachokosekana ni daraja kutoka skrini za majengo ya maduka hadi benchi la Kawangware, na mbao zake tunazo. Kumbi za kijamii za kaunti zipo mitaani na siku nyingi za wiki zimefungwa kwa kufuli. Kule Wood Avenue, Kilimani, ukumbi mdogo wa Unseen umeonyesha kwamba filamu huru za Kiafrika zinaweza kupata watu wao hata nje ya majengo ya maduka. Wenye vibanda tayari wana mabenchi, umeme na wateja wanaolipa, na wanajua vizuri kuliko msambazaji yeyote ni saa ngapi mtaa wao uko tayari kukaa chini.

Wanaomiliki haki za filamu zetu wangeweza kuanza mwezi ujao. Waandike leseni ndogo ya kibanda, ya malipo ya siku kwa siku kupitia M-Pesa, bei ikilingana na idadi ya mabenchi. Wamwite DJ studioni, wamlipe, waandike jina lake katika orodha ya waliotengeneza kama Nabwana alivyofanya na VJ Emmie, asimulie toleo la mtaani huku mwongozaji amekaa kando yake. Supa Modo ingefaa kuwa ya kwanza. Sehemu yake kubwa tayari ni Kiswahili na Kikuyu, kwa hiyo msimulizi hatakuwa na kazi ya kutafsiri. Atakuwa huru kumshangilia Jo, na watoto wa mabenchi ya mbele watajua pa kupokea.